Upepo wa Kumrudisha Mama

Jumamosi, 15 Machi 2025

Leo naanza shajara. Naahidi kuandika yote, hata yanayoniaibisha, bila kupunguza wala kuongeza. Mwalimu wa Kiswahili alituambia kwamba shajara inayoficha mambo ni sawa na ripoti ya mkutano wa kijiji.

Basi, yote. Mama hayupo nyumbani. Yuko Gendabi kwa Babu Evarist tangu msiba wa Bibi, mwezi wa kwanza. Matanga yaliisha. Shangazi na mama wadogo wote walirudi makwao. Mama hakurudi.

Sababu naijua. Ni tairi.

Siku ya mazishi tulitoka hapa Bashay mapema. Baba alipitia ghalani akapakia magunia ya vitunguu saumu, kwa kuwa ilikuwa siku ya mnada na mnada uko njia ile ile. Alisema gari haliendi tupu. Baba husema hivyo siku zote. Mama alikaa mbele akiwa amejifunga nguo nyeusi. Kwenye mbuga ya Hirbadaw tukazama. Udongo ule mweusi ukilowa ni kama ugali ambao haujaiva. Fundi mmoja aliyekuwa akipita alimshauri Baba apunguze upepo kwenye tairi. Baba akakataa, maana hatukuwa na kitu cha kuujaza tena, na mbele kuna mawe makali. Tukashusha magunia. Tukasukuma. Tukapakia tena. Tulipofika, watu walikuwa wanapanga mawe juu ya kaburi.

Mama alisimama pale, nguo zake za msiba zinanuka vitunguu saumu. Alimwambia Baba neno moja tu. Nililisikia. Alisema, "Umemfanya mama yangu asubiri magunia."

Nimelifikiria sana neno hilo. Kwa sayansi, magunia hayana kosa. Kosa ni upepo! Tairi iliyojaa sana huchimba tope kama jembe. Tairi iliyopunguzwa upepo hutanuka ikalala juu ya tope kama mguu wa bata. Tulifundishwa na Mwalimu Renatus, na mimi nilipata alama nzuri.

Kwa hiyo mpango ni huu. Tutafute kompresa, mashine ya kujaza upepo, ya kubeba kwenye gari, na kipima upepo cha kuaminika. Tutapunguza upepo mbugani, tutapita, tutajaza tena kabla ya mawe, tutafika Gendabi tukiwa safi. Mama ataona kwamba tatizo limekwisha. Atapanda gari. Jumapili ya Matawi tutakaa benchi moja kanisani, wote watatu.

Nimemtumia meseji kwa simu ya Baba. Shikamoo Mama, huku wazima, yule kuku mweupe ametotoa. Amejibu: Marahaba. Soma kwa bidii.

Hujibu hivyo kila mara. Hata nilipomwambia paa linavuja.


Jumapili, 16 Machi

Nimemweleza Baba mpango wangu. Alikuwa anaosha vyombo. Tangu Mama aondoke Baba hupika makande, na makande yake yana ladha ya moshi, lakini tunakula. Kikombe cha Mama cha bati kiko pale pale msumarini. Hakuna anayekitumia. Baba hukiosha kila jioni pamoja na vingine.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama nina hakika kwamba ni tairi. Nikasema nina hakika kabisa. Akasema labda ni kweli, labda ni tairi. Alionekana kama mtu aliyepunguziwa mzigo.

Akaamua yule kondoo dume mkorofi auzwe, tupate hela ya kununulia. Na kwa kuwa maelezo ya kompresa huandikwa kwa Kiingereza, atakayechagua ni mimi. Mimi!


Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda kwa Onesphory, fundi pancha wa pale barabarani, kufanya utafiti. Nilimwamkia, nikamwuliza anatumia kipima upepo cha aina gani. Akainua mguu wake wa kulia. Akasema, "Binti, kipima ni hiki hapa. Tangu nimezaliwa hakijawahi kuharibika."

Akalipiga teke tairi la lori lililoegeshwa. "Hili limeshiba." Akalipiga la pili. "Na hili limeshiba." Nikiwa bado naandika, lile la pili likaanza kulia psss kwa utaratibu mpaka likalala. Onesphory akasema lilishiba, ila limevimbiwa.

Ana kipima kimoja cha zamani, mfano wa kalamu, ambacho kijiti chake huchomoka na hakirudi. Amekubali kuniazima. Pia aliniambia jambo muhimu sana ambalo nimelipigia mstari: pikapu ikiwa tupu, mkia wake hucheza kwenye tope kama mbwa aliyemwona bwana wake. Inahitaji uzito nyuma ili itulie.

Hapo akapita Mary. Tunasoma darasa moja. Baba yake, Mzee Maximilian, ana Fuso. Akaniita mbele ya watu, "Siska! Umeacha shule unasomea upancha?" Kisha akasema kipima cha baba yake huwasha namba zenyewe, huhitaji hata kujua kusoma mshale. Nikamwambia namba inayowaka inaweza kudanganya vile vile. Akasema sawa, lakini wao angalau mama yao yuko nyumbani.

Nilipata jibu kali sana la kumjibu. Ila nililipata nilipokuwa tayari nimefika nyumbani.


Jumamosi, 22 Machi

Mbulu mjini! Tumenunua!

Dukani palikuwa na kompresa tatu. Ya kwanza ilikuwa ya plastiki, rangi ya chungwa, ina taa nzuri sana. Baba aliipenda. Lakini mpira wake wa kupitishia upepo ni mfupi kama mkia wa mbuzi, na inachomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, ambalo kwenye gari letu Mama alikuwa akiwekea pini zake za nywele. Tena maelezo yalisema imetengenezwa kwa tairi za gari dogo na ipumzishwe kila ikipata joto. Nikamwambia Baba kwamba kwa tairi zetu ingekuwa inapumzika kuliko kufanya kazi.

Ya pili ilikuwa na tangi na magurudumu yake yenyewe. Inahitaji umeme wa nyumbani. Mbugani Hirbadaw tungechomeka wapi? Kwenye ng'ombe?

Ya tatu ndiyo yenyewe. Ya chuma, nzito kiasi, ina vibanio viwili vya kubana moja kwa moja kwenye betri, chekundu na cheusi. Niliuvuta mpira wake nikazunguka nao pikapu yote kuhakikisha unafika tairi za nyuma. Muuzaji akanifuata mbio akidhani naiba. Unafika! Tena kichwa chake kinakazwa kwa kuzungushwa kwenye valvu, hakuna haja ya kukishikilia kwa mkono.

Kipima nilichagua cha mduara, kama saa, kilichovalishwa mpira ili kikianguka kisipasuke. Kina kitufe cha kutoa upepo kidogo kidogo huku ukisoma. Muuzaji alisema si lazima, kompresa ina kipima chake. Nikamwonyesha kwamba kile cha kompresa mshale unacheza ngoma wakati mashine inanguruma. Huwezi kumwuliza mtu anayecheza ngoma mambo ya maana.

Muuzaji akamwambia Baba, "Mzee, huyu mtoto mpe leseni kabisa." Baba akacheka. Nimeandika hapa ili isisahaulike: Baba amecheka, kwa sauti, akaonyesha lile pengo la jino.

Meseji kwa Mama: tumenunua kitu kizuri, ni siri. Jibu: Vizuri. Soma kwa bidii.


Jumapili, 23 Machi

Aibu. Nimeahidi kuandika yote, basi nitaandika.

Mpango ulikuwa kuijaribu kompresa wakati wa misa ya kwanza, mimi nikiwa nimepangiwa misa ya pili. Pikapu ilikuwa nje ya kanisa. Maelezo yalisema injini ya gari iwe inawaka. Nilikuwa nimemtafsiria Baba kwamba iwe inawaka ikiwezekana, kwa kuwa najua hapendi kuchoma dizeli bure. Akasema haiwezekani.

Nikabana vibanio. Nikawasha. Kompresa ina sauti kubwa kuliko nilivyotarajia. Ni kama mbuzi mia moja waliobanwa mlangoni. Ndani Padre alikuwa anahubiri juu ya ukimya wa Kwaresima. Katekista akatoka nje mikono juu, mdomo unafunguka na kufumbika. Sikumsikia. Nilidhani anasifu, nikampungia mkono.

Baada ya misa gari likagoma kuwaka. Betri imekufa! Kwaya nzima ikasukuma pikapu kuteremka mpaka barabarani, wamevaa majoho yao ya zambarau. Mary alikuwa mbele kabisa, na kila waliposukuma alisema, "Sayansi hiyo!" Nao wengine wakaitikia kama kiitikio.

Baba hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Mama angenigombeza vizuri, halafu angenipa maziwa.


Jumatano, 26 Machi

Vipima vitatu, kweli tatu tofauti.

Nimeazima kile cha namba kutoka kwa Mary. Alikubali kwa sharti kwamba nimfanyie kazi ya nyumbani ya Fizikia. Nikaifanya, vizuri, kwa mwandiko wa kubadilisha. Mwalimu Renatus akaita majina yetu wote wawili. Alisema hajawahi kuona watu wawili wakichora pampu yenye kosa moja. Tumepalilia bustani ya shule mchana kutwa, mimi mstari huu, Mary mstari ule. Mary akasema angejua ningekosea angefanya mwenyewe.

Lakini kipima nilikipata. Nikapima tairi ile ile, ya mbele kushoto. Cha kalamu kilisema thelathini na nne. Cha mduara thelathini. Cha Mary kilisema thelathini na nane nukta tano, kwa kujiamini sana. Onesphory, aliyekuwa akipita, akapiga teke akasema imeshiba.

Nimechukua wastani wa vitatu. Teke sikulihesabu.

Jioni Babu alipiga simu. Babu hasikii vizuri, kwa hiyo hupiga kelele "Haloo!" mpaka salio linakaribia kuisha, kisha husema habari zote kwa mkupuo. Baba alimwambia tunakuja Jumamosi. Babu akasema kwa sauti iliyosikika mpaka zizini: "Nimemwambia! Hajasema hapana!"

Hajasema hapana!

Baba alikaa muda mrefu ameshika simu iliyokwisha kukatika.


Ijumaa, 28 Machi

Leo baada ya Njia ya Msalaba Baba ameosha pikapu. Si mbele tu. Ameosha na nyuma, kwa sabuni ya unga na brashi, akapanda akapiga magoti akachokonoa maganda ya vitunguu saumu yaliyoshika kwenye pembe. Akanusa. Akaosha tena. Kisha akasema, bila kunitazama, "Kesho gari linakwenda tupu."

Sijawahi kumsikia Baba akisema hivyo maishani mwangu.

Nilishtuka. Tupu! Nikakumbuka mkia wa mbwa. Nikamwambia Baba kwamba hapana, tupu itatuponza, uzito wa nyuma ni lazima. Akasema basi tuweke mawe. Nikamweleza kwamba mawe hayana uzito unaojulikana, na upepo wa tairi hupangwa kulingana na uzito. Akasema basi mchanga. Nikasema mchanga umelowa, kila saa unabadilika. Lakini magunia ya vitunguu saumu yaliyoko ghalani yamepimwa mizani, kila moja limeandikwa uzito wake kwa kalamu ya wino mzito! Nikamchorea mchoro kwenye vumbi: ekseli, mzigo, mishale.

Baba aliutazama mchoro muda mrefu. Akasema, "Mama yako..." Hakumaliza.

Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia hii ni Fizikia, Baba.

Akapakia magunia. Alibeba moja moja, polepole, kama mtu mgonjwa. Nilifurahi sana kuona ananiamini hivyo.


Jumamosi, 29 Machi

Nitaandika kwa mpangilio, kama jaribio la maabara.

Asubuhi. Injini inawaka (nimejifunza!). Tairi zote zimejazwa kwa ajili ya barabara kavu. Baba amevaa koti la harusi yake. Nimechukua lile shuka la Mama la kujifunika miguu.

Mbuga ya Hirbadaw. Mvua ilinyesha jana. Tope jeusi, linang'aa, mpaka upeo wa macho, na Mlima Hanang umejifunika wingu. Baba alisimamisha gari pakavu. Nikashuka na kipima changu. Nikapunguza upepo tairi moja moja, kwa kitufe, huku nikisoma, mpaka ishirini. Tairi zikalala vizuri, zikatanuka ubavu. Baba akaingiza gia ya kuvuta magurudumu yote manne.

Tukapita!

Tukapita pale pale tulipozama siku ya mazishi. Alama za zile tairi bado zipo, zimejaa maji. Gari liliyumba kidogo, likatulia, likaenda kama mashua. Nililia kwa furaha. Baba alikuwa akisema polepole, "Twende, twende, twende." Kulikuwa kumebaki kipande kifupi. Mti wa nyumbani kwa Babu ulikuwa unaonekana.

Ndipo tukamwona Babu Evarist.

Alikuwa amesimama kando ya njia, katikati ya tope, na fimbo yake na kofia yake ya Jumapili. Amekuja kutupokea. Nikajua kitakachotokea. Nikamwambia Baba asisimame, kwenye tope ukisimama umekwisha, apunge mkono tu, tutamwamkia mbele. Baba alinitazama kana kwamba nimemwambia ampite Padre akiwa ameshika Sakramenti. Akasema, "Nimpite baba mkwe wangu nikiwa garini? Tena leo?"

Akasimama. Hakusimama tu. Alizima injini. Akavua kofia, akashuka, akazama mpaka nusu ya buti, akainama.

"Shikamoo baba."

"Eh?"

"Shikamoo baba!"

"Marahaba. Marahaba, Basili. Habari za Bashay? Mvua? Mahindi yamefika wapi? Ng'ombe? Yule mwenye pembe moja?"

Baba akajibu yote, moja baada ya jingine, kwa sauti ya juu. Kisha ikawa zamu yake kuuliza. Mimi nilikuwa nimebaki ndani. Niliona mlima ukipanda taratibu kwenye dirisha. Mlima haupandi. Sisi ndio tulikuwa tunashuka. Walipofika kwenye habari za ndama, tope lilikuwa limefika kwenye mlango.

Akaja jirani wa Babu, Gidamis, na ng'ombe wake wa kulimia. Alipotuona alicheka mpaka akashika magoti. "Basili! Kila ukija unalipanda gari lako hapa hapa. Tukupalilie? Labda litaota madogo madogo!" Hata Babu alicheka, baada ya utani kurudiwa mara mbili. Kisha Gidamis akaona nyuma ya gari, akaacha kucheka. Akasema ng'ombe wake hawavuti duka. Tushushe magunia kwanza.

Tukayashusha. Tukayapanga kando ya njia, juu ya majani, kwa mstari. Harufu ikapanda. Nilikuwa nimeshika gunia la mwisho nilipomwona Mama.

Alikuwa anakuja kwa kile kijia cha kutoka nyumbani. Anatembea haraka! Mama hatembei haraka. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani na kitenge cha Krismasi, na mkononi ameshika begi, lile kubwa la bluu alilokwenda nalo. Nadhani alikuwa ana safari ya mahali fulani.

Akafika kwenye gunia la kwanza. Akasimama. Akaligusa kwa ncha ya vidole, akatazama mstari wote mpaka mwisho, mpaka kwenye gari lililozama, mpaka kwa Baba mwenye koti la harusi na tope mpaka kiunoni.

Akasema, "Baba Fransiska. Tena?"

Nikafungua mdomo kueleza habari za uzito wa nyuma. Nilikuwa tayari, nina hata mchoro kichwani. Baba akaniwekea mkono begani, mzito, akasema kabla yangu, "Ni yangu. Nilitaka kupitia mnadani."

Uongo! Leo wala si siku ya mnada! Nilimtazama Baba. Alikuwa anatazama chini.

Mama alinijia mimi. Nikamwamkia. Akanifuta tope sikioni kwa ncha ya kitenge, akauliza nimekula nini asubuhi, akasema nimerefuka, akasema sketi yangu ifunguliwe pindo. Alinikumbatia huku begi likiwa bado mkononi, likanigonga mgongoni. Kisha akageuka akarudi kwa kile kijia. Safari hii polepole.

Ng'ombe walivuta. Gari lilitoka. Tulinywa chai kwa Babu. Mama alituandalia, na mayai, lakini mwenyewe alibaki jikoni. Niliingia mara mbili kumweleza. Mara ya kwanza alikuwa anapuliza moto na macho yake yamejaa moshi. Mara ya pili Baba aliniita nje.

Kurudi. Baada ya mbuga nikajaza tairi kwa kompresa, injini ikiwa inawaka. Ilifanya kazi vizuri sana. Zote nne, hadi alama niliyotaka, na kipima hakikutetereka. Ushindi wa kisayansi. Hakuna aliyeshangilia.

Njiani nilimwuliza Baba kwa nini alisema magunia ni yake. Akasema ni yake tangu mwezi wa kwanza. Nikamsahihisha, nikamwambia yale ya mwezi wa kwanza yaliuzwa, haya ni mengine kabisa. Baba akasema ndiyo, ni kweli, haya ni mengine.

Nyumbani alikiosha kikombe cha Mama. Akakirudisha msumarini.


Jumapili, 30 Machi

Nimekaa chini nikachunguza jaribio letu lote ili nijue tulikosea wapi.

Kompresa haina kosa. Kipima hakina kosa, ingawa nashuku kwamba ishirini ilikuwa juu kidogo, ingekuwa kumi na nane. Kusimama kwa ajili ya Babu ndilo kosa kubwa, na hilo linazuilika: safari ijayo nitamwomba Babu kwa simu atusubiri kwenye mawe. Lazima nitenge salio la "Haloo".

Lakini kosa lenyewe, nimeligundua wakati wa mahubiri, ni uzito. Magunia yalikuwa machache! Yangekuwa mengi zaidi, tairi zingetanuka zaidi, na tungeelea hata tukisimama kuamkia ukoo mzima. Ni wazi kabisa. Nashangaa sikuliona mapema.

Mary alinifuata baada ya misa. Nilijiandaa kwa maneno. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Amekuja?" Nikasema bado. Akanipa kile kipima chao cha namba, akasema nikae nacho mpaka Pasaka, baba yake hatajua. Hakuomba nimfanyie kazi yoyote. Nimekipokea, ingawa kinadanganya.

Nimemweleza Baba mpango mpya. Tunakwenda tena Jumamosi ya kabla ya Matawi, na magunia mengi zaidi. Alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini. Akasema, "Mwanangu, safari hii nataka twende tupu." Alisema kama anaomba. Nikamhurumia, maana hakusoma Fizikia. Nikamwambia tutaona hesabu zinasemaje.

Sasa nazipiga hesabu. Kwenda nimemaliza. Kurudi ndiko kunanisumbua, kwa sababu kurudi tutakuwa watatu. Mama mwenyewe namkadiria, nakumbuka alivyokuwa akinibeba na mimi nilivyokuwa nikimbeba kwa utani. Kuna kitu kimoja tu sikijui, na bila hicho siwezi kujua nijaze upepo kiasi gani.

Kwa hiyo nimechukua simu ya Baba na nimeandika meseji hii, nainakili hapa kama ilivyo kwa sababu niliahidi yote:

Shikamoo Mama. Tairi sasa ziko sawa kabisa. Tafadhali nijibu leo leo, na usiniambie nisome kwa bidii, nasoma. Lile begi la bluu ulilokuwa umeshika jana, likijaa vitu vyako vyote, lina uzito gani?